Nilimaliza na GPA ya 2.4, sasa naziba meno Mwanza

Dirisha la udahili likifunguliwa tu, simu yangu haikai kimya. "Shikamoo daktari, nimemaliza BSc mwaka jana, GPA 2.3. Naweza kusoma meno?" Huwa najibu kwa maswali mawili: kidato cha sita ulisoma tahasusi gani, na kidato cha nne Hisabati ulipata nini? Hapo wengi hunyamaza. Wanadhani nawakwepa, kumbe ndiyo nimeshaanza kujibu.

Naandika haya ili nikiulizwa tena nitume kiungo tu, niendelee na wagonjwa wangu.

GPA yangu mimi, yaani wastani wa alama za chuo, ilikuwa 2.4. Kwa vyuo vyetu, ambako juu kabisa ni 5.0, hiyo ni pasi. Daraja la pili la chini huanzia 2.7. Sikuwa mzito wa kichwa, na hakuna mhadhiri aliyenionea. Nilikuwa nauza dagaa. Ndugu zangu walinipakilia magunia kwenye basi kutoka soko la Mwaloni, Kirumba, nami nayapokea stendi Dar es Salaam alfajiri, siku zile zile wenzangu wanapoingia maabara. Hela ilikuwa tamu kuliko bumu, ile posho ya mkopo wa chuo. Mwaka wa kwanza nikala sap, yaani mtihani wa kurudia, wa pili nikala tena, wa tatu nikaponea chupuchupu. Cheti kikanipatia kazi ya kupima joto la minofu ya sangara kiwandani, nimevaa buti nyeupe hadi magotini. Nilikaa huko miaka miwili.

Sasa, sehemu kubwa ya hofu ya vijana wanaoniandikia imetoka Marekani. Kule meno husomwa miaka minne baada ya shahada ya kwanza, kwa hiyo GPA ya shahada hiyo ndiyo roho ya maombi, pamoja na mtihani uitwao DAT. Maombi hupitia mfumo wa pamoja, AADSAS, na ukirudia somo uliloanguka, alama zote mbili huhesabiwa. Ya zamani haifutiki. Ndiyo maana Wamarekani wengi wenye GPA mbovu husoma kwanza mwaka mmoja au miwili ya sayansi za ziada, waonyeshe kwamba wamebadilika. Kijana wa Igoma akiyasoma hayo usiku wa manane kwenye simu anakata tamaa, kumbe sheria hizo si zake.

Kwetu udaktari wa meno ni shahada ya kwanza. Ni miaka mitano darasani na kliniki, kisha mwaka mmoja wa utarajali, ndipo uende Baraza la Madaktari Tanganyika kusajiliwa. Nairobi na Makerere nao husoma miaka mitano. Anayekudahili anataka kuona uliyoyafanya kidato cha sita, au stashahada yako ya afya. Ile GPA uliyoiharibu kwenye shahada nyingine siyo inayofungua mlango, na siyo inayoufunga.

Mlango wa kidato cha sita ni huu: Fizikia, Kemia na Biolojia, zote tatu, na jumla ya pointi isipungue 6. Kwa hesabu ya sasa A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, kwa hiyo D tatu zinakufikisha kwenye kizingiti. Kizingiti, lakini, si kiti. Kwa miaka mingi Muhimbili ilikuwa peke yake nchini kwa shahada hii, na darasa la meno ni dogo. Mwenye D tatu anaruhusiwa kuomba; anayechukuliwa ni mwingine. Kama alama zako ni za kusuasua, kurisiti si aibu. Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila tafuta kituo chenye maabara inayofanya kazi, maana sayansi zina mtihani wa vitendo na huwezi kuufanyia mazoezi chumbani.

Mimi mlango huo sikuuweza. Nilisoma CBG: Kemia, Biolojia na Jiografia. Fizikia niliiaga kidato cha nne nikiwa na D, na sikuwahi kuikumbuka kwa mapenzi. Nikapita mlango wa pili, stashahada ya tabibu wa meno, miaka mitatu. Nikapanda basi kwenda Mbeya na sweta moja, kosa ambalo mtu wa ziwani hulifanya mara moja tu.

Kwenye njia hii kuna mtego, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika. Ili uingie stashahada unahitaji ufaulu wa kidato cha nne, zikiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinahesabiwa kama nyongeza nzuri tu. Kwa hiyo mwenye F ya Hisabati anaingia bila wasiwasi, anasoma, anafaulu, anaajiriwa. Siku anapotaka kupanda shahada, mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unamwambia: stashahada yenye wastani wa B au GPA isiyopungua 3.0, pamoja na angalau D za kidato cha nne katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza. F yake ya miaka kumi iliyopita inafufuka. Nimewaona matabibu hodari, mikono yao mizuri kuliko yangu, wamekwama hapo hapo. Vigezo hubadilika, kwa hiyo fungua mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, usome mstari wa chuo chako, usitegemee nilichoandika mimi wala alichosema shangazi.

Mimi nilikuwa na F ya Hisabati. Novemba moja, nikiwa na mke na mtoto mmoja, nilikaa kwenye dawati la kidato cha nne hapa hapa Mwanza. Nyuma yangu alikuwepo kijana wa kama miaka kumi na saba. Aliniona nahangaika kutafuta bikari mfukoni, akanong'ona, "Mzee, chukua yangu, mimi swali hilo siliwezi." Nilipata D. Sijawahi kuipenda alama yoyote maishani kama ile.

Lakini mlango kutouliza GPA haina maana kwamba iliyoileta GPA ile imekufa. Hapo ndipo huwa nawakera wanaoniandikia. Ukiwa ulishindwa kwa sababu ya biashara, ugonjwa au msiba nyumbani, sema hivyo, kisha ujiulize kama hali hiyo imekwisha kweli. Kama ulishindwa kwa sababu unakariri usiku mmoja kabla ya mtihani, ujue mwaka wa kwanza na wa pili wa meno ni anatomia, fiziolojia na biokemia, na havikaririki usiku mmoja. Mimi dagaa niliacha kabisa. Sikupunguza, niliacha.

Na kuna siku nilielewa kusoma kwa kusinzia kungeweza kugharimu nini. Nikiwa tabibu wa meno kwenye kituo cha afya ng'ambo ya ziwa, alikuja mama na mtoto wa miaka sita kutoka kisiwani. Taya la chini limevimba upande mmoja, magego yanacheza. Mama alitaka yang'olewe wawahi boti ya saa nane. Nikachungulia: meno mazima, hayana tundu hata moja. Nilishashika koleo mkononi. Ghafla nikakumbuka slaidi moja ya somo nililopata C, niliyoiona nikiwa nimesinzia: watoto wa ukanda huu, malaria, kirusi cha Epstein-Barr, uvimbe wa taya alioueleza daktari Denis Burkitt kule Uganda mwaka 1958. Jino zima la mtoto linalocheza pamoja na taya lililovimba haling'olewi kwanza. Linapelekwa. Nikaweka koleo chini, nikaandika rufaa ya hospitali ya Bugando, na mama akanikasirikia kwa sababu ya nauli. Alirudi baada ya miezi kadhaa kunionyesha. Taya lilikuwa limeshuka, nywele za mtoto zinaanza kuota upya baada ya dawa. Mpaka leo nikiwaza kwamba slaidi ile niliiona nikisinzia, tumbo linanikata.

Ndiyo maana huwa nawaambia: kabla ya kuomba, kaa kliniki ya meno hata wiki mbili, hata kama utakaribishwa kufagia tu. Utawaona watoto waliochokolewa fizi kwa msumari kwa sababu mtu amesema kuharisha kwao kumeletwa na "meno ya plastiki", kumbe kilichotolewa ni vichipukizi vya chonge. Utawaona watu wenye meno ya kahawia kwa floridi nyingi ya maji ya visima na ya magadi ya kupikia maharage, wanaodhani hawapigi mswaki vizuri. Ukiona hayo na bado unataka, tuongee. Ukigundua ulichokuwa unakitaka ni koti jeupe, umeokoa miaka mitano.

Kuhusu hela nitasema kidogo. Ukiwa umeshasomea shahada moja, usijenge mpango wako juu ya mkopo mwingine wa serikali. Uliza mapema, kwa maandishi. Mimi nilisoma kwa akiba ya mshahara wa utabibu, na kwa mke wangu aliyekuwa anauza sato wa kukaanga Nyegezi.

Mikono nayo. GPA haipimi mikono, na meno ni kazi ya mikono. Wamarekani wameliweka hilo kwenye DAT yao, kuna sehemu nzima ya kukadiria pembe na maumbo kwa jicho. Sisi hatuna, kwa hiyo nina mtihani wangu wa bei rahisi. Kata kipande cha sabuni ya mche, chukua kisu kidogo, nichongee gego la kwanza la chini, kubwa mara tatu ya lile la kweli, na mizizi yake miwili. Angalia picha ukitaka. Nataka kuona kama unaweza kukaa na kitu kimoja kwa muda wa saa tatu bila kushika simu.

Mwezi uliopita alinijia binti mmoja wa Igogo, BSc yake ina 2.5, PCB yake (Fizikia, Kemia na Biolojia) ina C moja na D mbili. Nilimpa kazi hiyo Jumatatu. Ijumaa akaniletea gego limefungwa kwenye khanga, laini, limetulia, mizizi imepinda nyuma kidogo kama inavyotakiwa. Nikaligeuza kwenye mwanga wa taa ya kiti, nikamhesabia vilele kwa ncha ya kalamu: kimoja, viwili, vitatu, vinne.

"Vingapi vinatakiwa?"

"Vitano, daktari."

"Cha tano kiko wapi?"

Akalitazama muda mrefu. Kisha akalifunga tena kwenye khanga, akaniuliza kama Jumatatu nafungua saa ngapi.