Msimbo 12 hauhesabu ziara za nyumbani

Nimeletewa tena jedwali lenye kichwa "huduma za nyumbani", na tena limetengenezwa kwa kichujio kimoja tu: mahali pa huduma ni 12, yaani msimbo unaoandikwa kwenye dai la malipo kusema huduma ilitolewa wapi. Aliyelitengeneza ni mchambuzi makini, na madai ya Medicare, bima ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, hayaanzi kuyaona leo. Ila imani yake ni ile ile ninayokutana nayo kila mara, kwamba mfumo wa malipo wa Marekani umeshatuainishia kila kitu: 11 kliniki ya daktari, 21 kulazwa, 23 dharura, 12 nyumbani. Kwa hiyo unachuja, unajumlisha, unachora grafu.

Hapana. Naomba tuifungue hiyo 12 tuone kilichomo.

Ukiacha jumla na kusoma mstari mmoja mmoja, utakutana na vifaa tiba: viti vya magurudumu, vitanda, vifaa vya kupimia sukari, mashine za oksijeni. Muuzaji wa vifaa huandika mahali ambapo kifaa kitatumika, na kifaa kitatumika nyumbani. Msimbo wake ni halali kabisa. Mashine ya oksijeni, E1390, hulipiwa kama kodi ya kila mwezi, hadi miezi 36. Mgonjwa mmoja anaweza kukuletea "ziara" 36 bila mhudumu yeyote kubisha hodi.

Hilo ni la kuingiza wasiohusika. La kuwaacha wanaohusika ni baya zaidi. Msimbo wa mahali pa huduma uko kwenye madai ya kitaalamu, yale ya madaktari na wauzaji wa vifaa. Madai ya kitaasisi, yale ya hospitali na mashirika, hayautumii, yana msimbo wa aina ya ankara. Na wakala wa uuguzi wa nyumbani, shirika linalotuma wauguzi majumbani, anadai kitaasisi, kwa ankara zinazoanza na 32. Maana yake kichujio cha 12 kinaingiza mashine na kumwacha muuguzi nje. Nikilisema hili mkutanini huwa kunakuwa na kimya, kisha mtu ananiuliza kama kweli ni wote. Ndiyo, wauguzi wote wa wakala wako nje.

Chukua mgonjwa wa mfano, bibi wa miaka 80 mwenye ugonjwa wa moyo, aliyetoka hospitali Jumatatu. Jumanne anapelekewa mashine ya oksijeni, mstari wenye 12. Jumatano muuguzi wa wakala anakuja, anampima presha, anakagua miguu kama imevimba, anampangia dawa, anaondoka baada ya dakika 45. Kwenye dai la wakala hiyo ni msimbo wa mapato 0551 (ziara ya uuguzi), G0299 (kazi ya muuguzi nyumbani), vipimo 3, kwa sababu kipimo kimoja ni dakika 15. Alhamisi anakuja mtaalamu wa tiba ya viungo: 0421, G0151. Ijumaa daktari wa kliniki, ambaye hajawahi kukanyaga kwa bibi huyu, anaidhinisha mpango wa uuguzi wa nyumbani na kudai G0180. Jumamosi daktari wa kutembelea wagonjwa anafika mwenyewe, 99349 (ziara ya daktari nyumbani), mahali 12.

Walioingia kwa bibi kumhudumia ni watatu: muuguzi, mtaalamu wa viungo, daktari. Kichujio cha 12 kinakupa "ziara" mbili, na moja kati ya hizo ni mashine. Ukitafuta kila msimbo ambao maelezo yake yanataja nyumbani, G0180 inaingia na daktari aliyesaini karatasi anageuka mgeni wa bibi. Ukijumlisha vipimo badala ya mistari, muuguzi wa Jumatano anakuwa wauguzi watatu. Wiki ni ile ile, bibi ni yule yule.

Haya ya kulinganisha miaka nayapitia haraka, maana yana dawa. Kabla ya Januari 2020 wakala alilipwa kwa kipindi cha siku 60, tangu hapo ni siku 30. Ukihesabu madai badala ya ziara, utatangaza kwamba uuguzi wa nyumbani uliruka mwaka 2020, na utasingizia janga la korona. Hesabu mistari ya ziara ndani ya dai. Ondoa pia madai yaliyofutwa na yaliyobadilishwa kabla hujagusa chochote, ile tarakimu ya mwisho ya aina ya ankara, inayosema kama dai limebadilishwa au limefutwa, haikuwekwa kwa urembo.

Linaloninyima usingizi ni neno "nyumbani" lenyewe, na hapa sina dawa kamili. Hadi mwisho wa 2022 daktari aliyemtembelea mtu kwenye makazi ya wazee yenye usaidizi alikuwa na misimbo yake, 99324 hadi 99337. Aliyemtembelea mtu nyumbani kwake alitumia 99341 hadi 99350. Mwaka 2023 kundi la kwanza likafutwa na ziara zake zikahamishiwa kundi la pili. Kwa hiyo ukifuata 99341 hadi 99350 peke yake, ziara za nyumbani "zinapanda" ghafla Januari 2023 bila daktari hata mmoja kuongeza safari. Ili kutenganisha unabaki na mahali pa huduma, 12 dhidi ya 13 (makazi ya wazee yenye usaidizi), na unategemea kwamba karani wa ofisi ya daktari amejaza kwa uangalifu sehemu ambayo zamani msimbo wa ziara ulimsaidia kuithibitisha. Mimi nayaunganisha makundi yote mawili kwa miaka yote, kisha nayatenganisha kwa mahali pa huduma. Ndiyo njia bora niliyonayo, na bado siiamini kwa moyo mweupe.

Halafu kuna swali ambalo vitabu vya mbinu hulipita kwa sentensi moja: yule mzee wa kwenye makazi, mwenye chumba chake, kitanda chake na picha za wajukuu ukutani, yuko nyumbani au kwenye kituo? Ukiuliza kuhusu upweke na nani wa kumsaidia kuamka usiku, yuko kituoni. Ukiuliza kama daktari alimfuata alipo badala ya kumwita kliniki, yuko nyumbani. Data haiwezi kukuchagulia swali.

Huduma ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha inanionyesha hilo waziwazi zaidi. Msimbo wa mapato 0651 jina lake rasmi ni huduma ya kawaida ya nyumbani. Hicho ni kiwango cha malipo, basi. Mgonjwa anaweza kuwa amelala kwenye kituo cha uuguzi, na utalijua hilo ukisoma Q5003 au Q5004 pembeni, wakati nyumbani kwake ni Q5001. Tena 0651 hulipwa kwa siku, hata siku ambayo hakuna aliyefika. Nimesoma ripoti zilizohesabu siku hizo kama ziara, na zinaniudhi, kwa sababu familia iliyokaa siku nne ikimsubiri muuguzi inaonekana kwenye grafu kama familia iliyohudumiwa kila siku.

Tiba mtandao nayo inachafua upande wa pili. Tangu 2022 msimbo wa mahali 10 unasema mgonjwa alikuwa nyumbani na daktari alikuwa kwenye skrini. Huo uko wazi. Kasheshe ni 2020, ambapo Medicare iliwaelekeza madaktari waandike mahali ambapo wangemwona mgonjwa ana kwa ana, kisha waongeze kiambishi 95, alama ya kwamba huduma ilikuwa kwa mtandao, na misimbo ya ziara za nyumbani nayo iliruhusiwa kwa njia hiyo. Kuna 99349 zenye 12 ambazo ni simu ya video. Usipokagua kiambishi, unamhesabu daktari aliyebaki ofisini kwake.

Na hospitali ya nyumbani, iliyoruhusiwa na Medicare Novemba 2020, inakwenda kinyume kabisa: mgonjwa yuko kitandani kwake, dai linasoma amelazwa. Nikimwainisha kwa kiwango cha huduma, namwacha kwa waliolazwa. Nikimwainisha kwa mahali mwili wake ulipo, namhamishia nyumbani. Nimefanya yote mawili katika kazi tofauti. Siku hizi naweka safu mbili tofauti kwenye jedwali, moja ya mahali alipo mgonjwa na moja ya aina ya huduma, na kila mara kuna anayeniomba nizibane ziwe moja ili grafu ipendeze. Sizibani.