Usiniletee samaki aliyekufa tangu usiku

Juzi tena. Kijana kashuka kwenye bodaboda na mfuko wa salfeti, ndani sato kumi na wawili, mashavu yamegeuka rangi ya tope. "Daktari, nipimie nijue ni bakteria gani, ninunue dawa." Walikufa usiku, saa nane mchana ndiyo wananifikia.

Nimesema na nitasema tena: hao hawanifai. Nikiwachoma figo nikapaka kwenye agari, ule utelezi wa kuoteshea bakteria, kesho ataota bakteria aitwaye Aeromonas. Huyo anaishi majini, anaishi kwenye utumbo wa samaki mwenye afya, na samaki akifa anasambaa mwili mzima. Nikikuandikia "Aeromonas hydrophila", utakimbilia dawa ya bakteria, oksitetrasaiklini, uichanganye na chakula, ilhali samaki mgonjwa hataki kula. Pengine shida ilikuwa hewa tu. Wakifa mamia usiku mmoja, wakubwa wakitangulia na waliobaki wakihema juu ya maji alfajiri, angalia oksijeni kwanza. Bakteria mara nyingi huanza na watatu, kesho saba, keshokutwa ishirini.

Ninayemtaka ni yule anayeumwa ila bado yu hai: anazunguka kama pia, jicho limetokeza na kuingia ukungu. Mlete kwenye ndoo ya maji ya bwawani. Nitafungua fuvu, maana bakteria waitwao streptokoki hupenda ubongo. Nikipaka rangi ya Gram, ile ya kutofautisha bakteria kwenye hadubini, naziona chembe za zambarau zimejipanga kama shanga kabla hata sijaotesha chochote.

Na lile doa jeupe mgongoni, mfano wa tandiko la punda, mnaloliita fangasi? Kwangua kidogo, tia tone la maji, weka chini ya hadubini. Fangasi ana nyuzi nene zenye matawi. Bakteria Flavobacterium columnare ni vijiti virefu vyembamba, vinateleza polepole na kurundikana kama nyasi kavu. Dakika tano tu. Kwenye agari ya kawaida unaweza kumkosa kabisa, kwa sababu anataka chakula hafifu.

Lakini hata nikimpata Aeromonas kwenye figo ya samaki hai, mara nyingi nabaki na shaka: ndiye aliyeanza, au aliingia baada ya msongamano na michubuko ya nyavu kumfungulia mlango? Na vile vipimo vya kumtambua bakteria kwa sukari anazotumia vilitengenezwa kwa bakteria wa binadamu. Vimewahi kunipa majina mawili kwa samaki wa bwawa moja.

Kijana alirudi jana na ndoo. Sato wawili, mmoja anazunguka. Shanga nimeziona kwenye ubongo. Sahani za agari nitazisoma kesho.