Mkia upanga na maji ya Unguja: usafi unavyowaua

Wiki mbili zilizopita bibi mmoja wa Kikwajuni, anayefuga samaki waitwao mkia upanga, alinipigia simu baada ya Isha. "Mwanangu, samaki wangu walikuwa kumi na wawili, sasa wamebaki watatu. Na tangi silipuuzi, kila Ijumaa asubuhi nalisafisha mpaka linang'ara." Nilishajua kilichowaua, lakini asubuhi yake nilikwenda nikaone mwenyewe.

Nilimkuta ukumbini. Mawe ya tangi yameanikwa juu ya gazeti, meupe kama yametoka dukani jana. Sponji ya chujio imefuliwa kwa sabuni ya unga na kutundikwa kwenye kamba pamoja na kanga. Maji yote mapya, yametoka mferejini muda ule ule. Wale watatu walikuwa juu kabisa, midomo inagusa uso wa maji, matamvua yanafunguka na kufunga mbio mbio.

Nimefuga mkia upanga tangu 2006 na matangi ya watu nayahudumia mjini na mashamba. Vifo vingi ninavyoitiwa vinatokana na mikono yenye bidii kama ya bibi huyu. Samaki hutoa amonia, nyingi kupitia matamvuani, na amonia hiyo hiyo ndiyo inayomuunguza. Katika tangi lililokaa, bakteria walioshika kwenye mawe na sponji huigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, maana huizuia damu kubeba oksijeni, lakini bakteria wa aina nyingine huichukua na kuifanya nitrati, ambayo samaki anaistahamili ikiwa kidogo. Jeshi hilo huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Bibi alikuwa anaanza upya kila Ijumaa.

"Sponji uikamue ndani ya ndoo ya maji ya tangi lenyewe, bibi. Sabuni isiikaribie kabisa. Maji utoe robo tu kwa wiki, na hayo mapya yalale kwenye ndoo wazi usiku mzima ili klorini itoke."

"Na ukoga huu wa kijani kwenye kioo?"

"Futa kioo cha mbele uwaone. Wa nyuma uwaachie, wanaula."

Nasikitika zaidi kwa sababu maji yetu yamemkubali samaki huyu kuliko wengi wanavyodhani. Angalia birika lako la chai, lile gamba jeupe la ndani. Unguja imekalia jiwe la chokaa, matumbawe ya zamani, na mvua inayopenya chini huyeyusha chokaa ile na kuishusha visimani na kwenye chemchem. Watu huniuliza wafanye nini kuiondoa. Usiiondoe! Mkia upanga ni samaki wa vijito vya Mexico, Guatemala, Belize na Honduras, na anapenda maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya 7 hadi 8.3. Jina lake la kitaalamu ni Xiphophorus hellerii. Alilipewa na Johann Jakob Heckel mwaka 1848, kwa heshima ya Karl Heller aliyekusanya viumbe huko Mexico. Penye maji laini, wafugaji hununua madini ya kutia tangini. Sisi tunafungua mfereji tu.

Maji ya visima vya pwani ni jambo jingine. Ukiyaonja ulimi ukakuta chumvi, changanya na ya mvua. Samaki mwenyewe atavumilia chumvi kidogo, ila majani mengi ya tangini hayawezi.

Joto analolitaka ni nyuzi 22 hadi 28, kwa hiyo kifaa cha kupashia maji usikinunue. Hapa tunahangaika na kinyume chake. Wakati wa kaskazi tangi lililo karibu na dirisha hupita 30, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Lihamishe, na mdomo wa chujio uuinue mpaka uvunje uso wa maji, hewa ipate kuingia.

Umeme nao. Waliokuwapo wanaikumbuka ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Nilikuwa na matangi manne na sina jenereta. Nilikuwa nachota maji kwa kata na kuyamimina kutoka juu, mara ishirini asubuhi, mara ishirini jioni, na kabla ya kulala tena. Chakula nilipunguza mpaka mara moja kwa siku mbili. Tangi lililokuwa na samaki wengi lilinishinda. Matatu mengine yalivuka, na tangu hapo sijazi tangi hata mtu anibembeleze vipi. Umeme ukikatika saa nyingi, suuza sponji kabla ya kuwasha chujio tena, maana bakteria waliokosa hewa hufa na uchafu wao humwagwa kwa samaki.

Mwambie fundi wa vioo akutengenezee tangi refu kuliko la kwenda juu. Sentimita 90 kwa urefu, lita 100 hivi, linatosha dume mmoja na majike watatu. Madume wawili katika nafasi ndogo watafukuzana mpaka mmoja ajifiche pembeni na kuacha kula. Na mfuniko usikosekane: samaki huyu huruka, na nimeshaokota zaidi ya mmoja amekauka nyuma ya kabati.

Upanga ni wa dume peke yake, ncha za chini za pezi la mkia zilizorefuka. Mwaka 1990 mtafiti Alexandra Basolo alionesha kwamba hata majike wa plati, jamaa zake ambao madume wao hawana upanga, waliwapenda zaidi madume waliobandikwa upanga wa plastiki. Kabla upanga haujatoka, mtambue dume kwa pezi la chini ya tumbo: hujikunja likawa kama mrija mwembamba. Wengine husema jike wao amegeuka dume. Wa namna hiyo niliowafuatilia hawakuwa wamezaa hata mara moja. Walikuwa madume waliochelewa kukomaa.

Kitu kimoja nakuomba sana. Wakizidi, usiwamwage mto Mwera wala vijito vya Ngezi, hata kama nia yako ni wale viluwiluwi vya mbu. Katika nchi kadhaa samaki huyu aliachiwa mitoni, akazaana na kuwabana samaki wa asili. Mpe jirani, au mrudishie aliyekuuzia.

Juzi bibi alinipigia tena, safari hii sauti juu. Jike mmoja alikuwa anazaa. Hawa hawatagi. Hubeba mimba kiasi cha wiki nne, na huhifadhi mbegu za dume, hivyo anaweza kuzaa tena na tena bila dume kumkaribia. Nilipofika walikuwa bado wanatoka. Mtoto hutoka amejikunja, mkia umegusa kichwa, anazama kidogo kama kipande cha uzi, kisha ananyooka ghafla na kukimbilia majanini. Tukamtenga mama, maana huwala wanawe mwenyewe. Tulihesabu ishirini na sita. Nikamwonesha bibi kusaga kiini cha yai la kuchemsha, kidogo sana, kiasi cha kushika ncha ya sindano.

Akauliza kama Ijumaa abadilishe maji. Nikamwambia robo tu, na akichota aipitishe kata kwenye chujio la chai, asije akamwaga na mtoto.