2K sio brandi: maana yake kabla hujapiga rangi Land Rover ya mzee

Pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwenye maduka ya rangi ukikaa nusu saa tu utasikia mtu anasema "nipe 2K ile orijino", kama vile anaagiza aina ya sabuni. Mwingine niliwahi kumsikia akidhani ni bei, elfu mbili kwa kipimo, akashtuka alipotajiwa hela yenyewe. Sasa tuiweke sawa. Hiyo K imetoka kwenye neno la Kijerumani Komponente, yaani sehemu, kwahiyo 2K ni rangi ya sehemu mbili, kopo la rangi na kikopo chake cha hadena, ile dawa ya kuikaza. Kama hadena haipo basi hapo hamna 2K, hata kopo liwe limeandikwa hivo kwa herufi kubwa.

Kinachozitofautisha hizi rangi ni namna zinavyokauka. Ile NC, nitroselulosi, ambayo wazee bado wanaiita duko (jina lilikuwa la rangi ya DuPont ya Marekani, Duco, ya miaka ya 1920), inakauka kwa thina kuruka hewani, basi, hamna kingine. Ni kama tope, likikauka ni gumu ila ukilimwagia maji linarudi kuwa tope, na NC hata ikae miaka 40 ukiifuta na thina inalainika tena. 2K yenyewe ni kama zege, hadena na rangi zinashikana zinakuwa kitu kimoja na ikishashika hairudi, hata uimwagie maji ya Ziwa Ngosi lote au petroli ya sheli nzima.

Kwa gari ya kisasa haina mjadala, piga 2K. Kazi ipo kwenye gari ya zamani, maana unakuta lina rangi juu ya rangi na hujui nani alipiga nini mwaka gani. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe thina ya NC, sugua sehemu isiyoonekana kama ndani ya boneti. Kitambaa kikibeba rangi fasta na pale pamelainika, ni NC. Ikikunjamana huenda ni enameli ya kizamani. Ikikaa kimya, kuna uwezekano mkubwa ni 2K. Usiruke hii hatua, kwasababu ukipuliza 2K juu ya NC thina yake inapenya chini inaamsha ile ya zamani na rangi yote inajikunja kama utando wa maziwa, hapo unaanza upya na msasa mpaka kwenye bati na hela ya rangi ishaenda.

Tukiongelea bati, Land Rover kama 109, ile ndefu ya zamani, bodi yake kubwa ni alumini, sio chuma, na rangi haing'ang'anii alumini hivihivi. Inataka praima yake, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, yenye asidi inayong'ata, ukiruka hapo baada ya msimu mmoja wa barabara ya vumbi rangi inabanduka kama maganda.

Halafu kuna mng'ao. Zile rangi za zamani, ile kijani ya Bronze Green na paa la Limestone, hazikuwa na klia juu (ile ya mwisho inayoonyesha kama kioo), rangi yenyewe ndio ilikuwa inang'aa. Ukipiga rangi ya chini halafu klia, Land Rover inatoka inameta kama Toyota IST, mi naona ni kuliharibu sura. Ipo 2K ya moja kwa moja isiyohitaji klia, hiyo ndio naipendekeza kwa gari linalofanya kazi. Gari la kutoka Jumapili tu na kulala ndani, NC bado ina raha yake, mkwaruzo unaupuliza pale pale na kupiga polishi, ila jua la huku juu linaifanya iwe kama imepakwa unga, polishi haikwepeki.

Na hali ya hewa ya kwetu ni fundi mwingine. Mbeya mjini uko kama mita 1,700 juu ya bahari. Masika ukipiga NC, thina inavyoruka inapoza bati, unyevu unaganda juu, rangi inatoka na ukungu mweupe. 2K nayo haitaki baridi, chini ya nyuzi 10 hadena inakuwa kama imelala. Sisi tulipiga mlango mmoja Uyole mwezi wa saba, jioni, asubuhi vidole vinaacha alama! Fundi akataka kesho yake aongeze hadena ili ikaze, jamani, hapana, uwiano ni ule wa kwenye kopo, 2 kwa 1 au 4 kwa 1 au vyovyote walivyoandika, ukizidisha rangi inakuwa kavu ya kupasuka. Dawa ni kupiga saa nne asubuhi jua likiwa limeshika, na kutumia hadena ya haraka ya rangi hiyohiyo.

Hadena nyingi za 2K zina isosayaneti. Hiyo sumu ukiivuta wakati wa kupuliza inaweza kukuachia pumu ya kudumu, na mwili ukishaikataa hata kidogo tu cha siku nyingine kinakubana kifua. Barakoa ya kitambaa au ile ya vumbi haizuii kitu. Wanaoifanya vizuri wanavaa kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kwahiyo kabla hujamuuliza fundi bei, muulize anavaa nini akipuliza, akikuonyesha leso mwambie apige NC, na watoto wasicheze hapo uani siku hiyo.