Barafu ndani ya injini ya ndege, Mombasa hii hii ya jasho?

Nikianza tu kusema kabureta ya ndege ndogo, pale hewa na petroli zinapochanganyika kabla ya kuingia kwenye injini, yaweza kushika barafu hapa pwani, kibaraza kizima chacheka. Ati barafu? Mtu amevua shati saa nne usiku na bado anajipepea, barafu itoke wapi.

Sasa hebu mwangalie mama wa viazi karai aliyewasha jiko mbili kwa mtungi mmoja wa gesi. Moto juu wawaka, lakini mtungi chini umeloa chapachapa, ukiugusa ni baridi kweli. Gesi ikitoka kwenye umajimaji kuwa hewa yanyonya joto la chuma, na petroli ndani ya kabureta hufanya vivyo hivyo, tena hewa yenyewe ikipita kwenye ile koo nyembamba yapoa zaidi, joto laweza kushuka digrii 20 hata 30 hapo kwa hapo. Toa hiyo kwenye 28 ya kwetu, hewa nayo imejaa mvuke wa bahari, uone kama hujafika kwenye kuganda.

Na si lazima kuwe na mawingu. Hatari kubwa ni ule wakati rubani ametoka uwanja wa Wilson kule Nairobi, futi 5,000 na zaidi juu ya bahari, sasa anashuka kuja uwanja wa Ukunda au wa Moi hapa Mombasa, amepunguza throto, yaani ile mkono wa kuongeza na kupunguza nguvu ya injini. Kijinafasi cha hewa kimebaki kidogo, barafu kidogo tu yatosha kukiziba. Kwa propela isiyobadilika pembe, raundi za injini zashuka mdogo mdogo, yeye aongeza throto bila kufikiria, zashuka tena, aongeza tena, mpaka hakuna cha kuongeza.

Hapo ndo kuna ile nobu ya hewa moto ya kabureta, ukiivuta hewa moto yaingia kuyeyusha barafu, nayo ina uongo wake: eti ukivuta injini ikakohoa, rudisha haraka, umeharibu. La! Inakohoa kwa sababu barafu inayeyuka na injini inakunywa yale maji. Iache, ivutwe yote si nusu, mpaka raundi zipande. Ila chini kwenye vumbi usikae nayo, manake kwa ndege nyingi hiyo hewa haipiti kwenye filta.

Wenye injini za injeksheni, zinazopuliziwa mafuta bila kabureta, hujiona wameponea. Kwa barafu ya kabureta sawa, lakini maji kwenye mafuta hayachagui injini.

Na haya maji watu huyachukulia poa, eti mafuta yametoka kwa lori safi la mafuta basi yamekwisha. Tangi likilala nusu, umande waingia humo humo usiku. Maji ni mazito kuliko petroli, yakaa chini, ndo asubuhi kabla hujaisukasuka ndege watoa kidogo kwenye kikombe cha plastiki uangalie ule mstari kati ya maji na petroli. Mtego ni kwamba kikombe kikiwa maji matupu hakuna mstari wowote. Mimi asubuhi moja nilitoa kikombe cheupe peee, nikamwambia mwenzangu leo mafuta safi sana. Akakichukua, akanusa, akanimwagia mkononi. “Avgasi 100LL, hii petroli ya ndege, ni ya bluu, yakhe.” Tukatoa vikombe vitatu zaidi ndo ile bluu ikaanza kuonekana.