Je, wajua kwa nini beseni moja la maji ya sabuni haliwatoshi watoto wa deikea?

Mwanangu alipofika miaka miwili nilimpeleka deikea huku Kisauni, Mombasa, siku moja nikapita mapema nikawakuta ndio wananawishwa wanywe uji. Beseni moja limewekwa mlangoni, maji yametiwa sabuni ya unga kidogo, watoto kumi na kitu wamepanga foleni, kila mmoja anatumbukiza mikono, anachapa maji mara mbili tatu, halafu ticha anamfuta kwa leso aliyojifunga. Wa mbele alikuwa ametoka kula mabuyu basi maji yakageuka mekundu, na wa mwisho akanawa kwenye hayo hayo mekundu. Na mimi nikaona sawa tu, nikajiambia si sabuni imo, na sabuni inaua vijidudu, kwa hivyo hata maji yakichafuka vijidudu vyenyewe vishakufa humo ndani.

Hapo nilikosea kabisa, na kila mzazi nikimuuliza ananijibu vile vile nilivyokuwa nikiamini mimi. Tunaichukulia sabuni kama jiki, kwamba ikigusa tu imemaliza. Kumbe sabuni ya kawaida mkononi kazi yake kubwa ni kung'oa.

Chukua sufuria uliyokaangia samaki. Ukimimina maji matupu yanateleza juu, mafuta yanabaki yameng'ang'ania. Tia sabuni usugue, mafuta yanaachia, lakini yameenda wapi? Yako mle mle kwenye maji, na ukiosha glasi humo itatoka na utando. Ndio maana sote tukiosha vyombo tunaanza na glasi, sufuria za mafuta mwisho, hakuna aliyetufundisha darasani. Sasa kwenye lile beseni mtoto wa mwisho ndio ile glasi iliyooshwa baada ya sufuria.

Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja inapenda maji na nyingine inapenda mafuta. Ifikirie kama makanga wa matatu, mkono mmoja kashika gari, wa pili kamshika abiria anamvuta. Abiria hapa ni yale mafuta ya ngozi pamoja na uchafu na vijidudu vilivyonata humo, na gari ni maji. Makanga anaweza kushika abiria wote wa steji lakini gari lisipoondoka hakuna aliyeondoka. Maji ya kutiririka ni gari linalotembea, beseni ni gari lililoegeshwa. Na kusugua ndio muda wa kupakia, kwa hiyo zile sekunde 20 zinazoshauriwa zina maana yake, mtoto akichapa maji mara mbili hajapakia mtu.

Si kwamba sabuni haiui chochote. Virusi vyenye ganda la mafuta, kama vya korona na vya homa ya mafua, sabuni inalipasua lile ganda na vinaharibika. Lakini vile vinavyowasumbua sana watoto wadogo kwa kuhara na kutapika, rotavirusi na norovirusi, havina ganda hilo, na dawa yake mkononi ni ving'olewe vimwagwe. Maji moto nayo hayasaidii, manake moto ambao mkono wa mtoto unaweza kuuvumilia hauui vijidudu. Hata sabuni zinazouzwa ghali kwa jina la kuua bakteria, Marekani mwaka 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, ilipiga marufuku viambato 19 kwenye sabuni hizo, triklosani ikiwemo, kwa sababu watengenezaji hawakuweza kuonyesha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida.

Na faida yake ni kubwa. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, yanaonyesha deikea na shule za nchi tajiri zikihimiza kunawa mikono, kuhara kunapungua kama theluthi moja. Kwa nchi kama zetu huenda ni hivyo hivyo ila tafiti zilizohesabiwa ni mbili tu, moja ya Misri na moja ya hapa Kenya, ushahidi bado ni mwembamba.

Najua mtu atasema maji ya kutiririka Mombasa yatoke wapi, mfereji unakauka wiki nzima na mkokoteni unauza mtungi. Lakini si lazima mfereji. Wazee wetu mgeni akija kula walimletea birika na beseni, anamwagiwa juu, machafu yanaanguka chini, hakuna anayetumbukiza mkono. Kopo la nusu lita namnawisha mwanangu vizuri tu. Kama ni maji ya kisima yenye chumvi, sabuni ya mche haitoi povu kwa sababu madini ya maji yanaishika kwanza inakuwa utando mweupe, hapo ongeza sabuni au tumia ya maji. Na ile leso ya ticha pia iachwe, kitambaa kimoja kibichi kinarudisha kwa huyu kilichotoka kwa yule, bora wakung'ute mikono ikauke.

Nilizungumza na ticha taratibu bila kumlaumu, wazazi tukachanga tukanunua mtungi wa lita 20 wenye koki chini. Mwanangu sasa hata nyumbani nikimwekea beseni hatumbukizi, anakinga mikono miwili juu yake anasubiri nimmwagie.