Kaunta buku ya mhudumu wa utengamao isiishie kabatini

Wahudumu wa utengamao ngazi ya jamii, wale wanaowafuata watu wenye ulemavu majumbani kwao Chamwino, Bahi, Kongwa au Chemba, huandika kila siku. Wanaandika kwenye kaunta buku. Ikijaa inawekwa juu ya kabati, inapata vumbi, na inaanzwa nyingine. Baadaye anakuja mtafiti kutoka mbali, anakaa wiki mbili, anawahoji wahudumu hao hao, na jina linalosomeka kwenye jarida la kitaaluma ni lake.

Huduma hizi, ambazo wengi bado tunaziita CBR (kifupi cha Kiingereza cha utengamao ngazi ya jamii), zilipata nguvu baada ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 kuhusu afya ya msingi. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2010 ulizipanua zivuke mazoezi ya viungo, zikaingia kwenye elimu, kipato, maisha ya kijamii na uwezeshaji. Mwongozo unasema nini kifanyike. Hausemi kinavyofanyika kwenye nyumba ya tembe yenye vizingiti viwili, ambako baba kahamia na ng'ombe malishoni. Hilo analijua mhudumu. Ndiyo sababu Mtandao wa CBR Afrika, ulioanzia Uganda mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulihimiza tangu mapema maandishi ya watendaji wenyewe, na sisi wakufunzi hapa Dodoma tunaona njia hiyo inafaa.

Tukiendesha mafunzo ya uandishi hatuanzi na muhtasari wala mbinu za utafiti. Tunaanza na ukurasa mmoja wa kaunta buku. Mara nyingi unasomeka hivi: "Tumemtembelea mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mazoezi yamefanyika. Mzazi ameelimishwa. Maendeleo mazuri." Hiyo ni lugha ya taarifa ya mwezi, iliyoandikwa ili bosi asiulize kitu. Kazi ya mkufunzi ni kuuliza.

"Dada, mazoezi alifanya nani?"

"Bibi yake, mwalimu. Mama anashinda shambani."

"Na kile kiti alichopewa?"

"Kipo ndani. Kizito, bibi hawezi kukitoa nje. Amemchimbia shimo kivulini, anamkalisha humo na kanga zimemzunguka, yeye huku anapukuchua karanga wanaongea."

Makala iko hapo. Aliyeelimishwa ni mama, anayelea ni bibi. Kiti kilichoandikwa kwenye taarifa kama mafanikio hakitumiki, na bibi amepata njia ya kumfanya mtoto akae wima, mikono ikiwa huru, bila kutumia shilingi. Fundi wa viti anahitaji kulijua hilo, na mhudumu wa Kondoa mwenye mtoto kama huyo analihitaji zaidi.

Baada ya hapo tunatafuta swali, moja tu kwa andiko moja. Chukua watoto wenye mguu kifundo, yaani waliozaliwa na wayo uliopindia ndani. Kwa njia ya Ponseti mguu hunyooshwa taratibu na kufungwa hogo linalobadilishwa kila wiki, kwa wengi mara tano hadi saba. Kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, miezi mitatu ya mwanzo karibu saa zote, halafu wakati wa kulala hadi afikishe miaka minne au mitano. Wapo wanaoacha katikati, na mhudumu huandika kwamba wazazi hawana mwamko. Sentensi hiyo huwa naikata kwa kalamu nyekundu, kwa sababu inamlaumu mtu bila kueleza kitu. Tunamwomba mhudumu achore jedwali la miezi 12 na kuweka alama kila mahudhurio yalipokosekana. Alama zikijazana kati ya Desemba na Aprili, swali linabadilika lenyewe. Hiyo ndiyo mvua yetu ya mwaka, watu wako shambani, na korongo likijaa bodaboda haivuki. Zikisambaa mwaka mzima, atafute kwingine: nauli, au baba asiyeafiki. Jedwali kama hilo, na maneno ya wazazi wawili watatu, ni andiko linaloweza kutumwa.

Yaliyoshindikana nayo yaandikwe. Mfadhili huenda asiyapende, lakini msomaji wa jarida anayatafuta.

Suala la faragha linahitaji muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kubadilisha jina hakutoshi. Ukiandika "mtoto wa kike wa miaka sita, mwenye mgongo wazi, anayelelewa na babu yake," kisha ukataja kijiji, kila aliyeko kilabuni atajua ni nani. Taja wilaya, ondoa kijiji, na kama jinsia au umri hauongezi kitu, uache. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti na inataka ridhaa ya maandishi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba baada ya kusomewa kwa lugha anayoielewa. Kwa bibi wa Kigogo, Kiswahili cha ofisini kinaweza kuwa hakitoshi. Picha ina ridhaa yake peke yake. Mtu mzima mwenye ulemavu aulizwe mwenyewe, si kaka yake.

Ukipanga kukusanya taarifa mpya kwa ajili ya utafiti, kibali cha maadili, cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) au cha kamati ya chuo kinachotambulika, kinatafutwa kabla ya hojaji ya kwanza. Kamati kwa kawaida hazitoi kibali cha kazi iliyokwisha. Kwa kusimulia uzoefu wa kazi pekee, anza kwa kuomba ruhusa ya mwajiri kwa barua na kuuliza jarida linataka nini.

Halafu kuna suala la majina. Mhudumu ametoa taarifa, amesaidia kuzichambua, amesoma rasimu na kuirekebisha, kisha anajikuta kwenye mstari wa shukrani huku daktari aliyesahihisha koma akiwa mwandishi wa kwanza. Hiyo si haki. Makubaliano ya majina na mpangilio wake yaandikwe siku ya kwanza, yasainiwe.

Lugha isiwe kizuizi. Andika kwa Kiswahili mpaka hoja isimame, ndipo umtafute mwenza wa kutafsiri, naye ahesabiwe kati ya waandishi kama amechangia zaidi ya kutafsiri. Jarida linaloahidi kukuchapa ndani ya siku mbili ukilipa, liogope. Majarida mengi yenye heshima husamehe au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi kama yetu, ila uombe wakati wa kutuma andiko, si baada ya kukubaliwa. Kwa kusoma walioandika wengine, uliza maktaba ya chuo au hospitali kuhusu Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002.

Maoni ya wahakiki, wataalamu wanaolipima andiko kwa niaba ya jarida, yakirudi huwa makali. Yapange kwenye jedwali, kila hoja na jibu lake, na pale usipokubaliana eleza kwa nini. Ukikataliwa unaruhusiwa kutuma kwingine. Kutuma kwa majarida mawili kwa wakati mmoja hairuhusiwi.